Ratili Sita

Nilijua. Mizani ile ilikuwa inakula ratili sita, nami nilijua tangu nikiwa na umri wa miaka tisa. Naanza na neno hilo kwa sababu kila nilipojaribu kuanza na mlima, na ukungu, na maua meupe ya kahawa, nilifika ukurasa wa tatu sijasema lolote, na watu wakanisifu kwa lugha nzuri. Kwa miaka ishirini na mitano nimekana. Nilikana mbele ya Nashipai, tuliyesoma naye, aliponiuliza waziwazi nje ya duka la vitambaa mjini Arusha, huku ameshika kipimo cha gauni. Nilikana mbele ya mume wangu, ambaye alikuwa ananitania tu. Nilikana hata moyoni, mahali ambapo hakuna aliyeniuliza. Shahidi wangu pekee alikuwa kuku mmoja mwekundu, naye tulimla Jumapili iliyofuata.

Kilichonirudisha kwenye habari hii ni msiba. Mjomba wangu Zakaria, aliyekuwa mpimaji wa ghala la kahawa kijijini kwetu, juu kidogo ya Maji ya Chai, alifariki mwezi wa Juni, nami nikasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kumzika. Niliteremka kwenye basi na sanduku lililobebwa na watu wawili, mimi ambaye ujanani nilisifiwa kwa kufunga mzigo mwepesi kuliko wasichana wote. Watu walisema maneno mema kaburini, kama ilivyo desturi. Kwenye benchi nyuma yangu wazee wawili walikuwa na mazungumzo yao. “Zakaria alikuwa mtu wa haki,” alisema wa kwanza. “Haki yake ilikuwa na kulabu,” alijibu wa pili. “Nyamaza, hata udongo haujakauka.” Nilikaza macho kwenye kofia ya mchungaji. Baada ya maziko nikaenda uani, kwenye mafiga, kwa sababu huko ndiko mwanamke aliyesoma huenda kuonyesha kwamba hajajisahau. Nikapewa kisu na mkungu wa ndizi. Aliyekuwa anakoroga sufuria kubwa kuliko zote alikuwa Ndeshi.

Ndeshi na mimi tulisoma pamoja chuo cha ualimu. Alikuwa wa kwanza darasani na mimi nilikuwa wa pili, katika kila mtihani, mpaka ikawa kama jina la ukoo. Sasa alikuwa amenenepa kiasi, ana sauti ileile ya kucheka kabla ya kumaliza sentensi, na binti mmoja, Rehema, aliyekuwa anapepeta mchele kando yake. Wanawake walikuwa wanaongea habari za Rehema. Alikuwa amechaguliwa kwenda nje ya nchi kusomea uhandisi wa maji, miaka minne, na alitakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata. “Nimemwambia aache,” alisema Ndeshi. “Sisi ni watu wa safari fupi. Kwetu Maji ya Chai, sokoni, kanisani, basi. Mwulizeni mwalimu Naomi hapa, alikuwapo siku nilipokaa chini barabarani kama gunia la mbegu.” Wakacheka wote, na yeye akacheka kuliko wote. Rehema hakucheka. Aliweka ungo chini akaniangalia. “Ni kweli, mama mkubwa?” Niliendelea kumenya ndizi. Nikasema, “Mama yako alikuwa na akili kutushinda sote.” “Sikuuliza akili,” alisema yule mtoto, kwa adabu, na kuokota ungo wake.

Mwaka ninaousema ulikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Waingereza walikuwa bado wapo na walionekana kama watu waliokusudia kubaki. Chuo chetu kilikuwa kwenye mteremko wa kusini wa Meru, na bweni letu lilikuwa na vitanda vya chuma kumi na viwili, madirisha yasiyofunga vizuri, na harufu ya mablanketi mabichi iliyochanganyika na mafuta ya taa. Ukilala unasikia mifereji ya maji ikipita migombani. Asubuhi tulikula uji, mchana ndizi na maharage, jioni maharage na ndizi. Mwalimu wetu mkuu, Miss Hartnell, alikuwa mwanamke mkavu mwenye miguu iliyokaushwa na jua, na alikuwa na imani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kanisa. Ya pili, ambayo aliishika zaidi, ilikuwa kwamba binadamu hubeba vitu vingi mno. Aliwahi kutembea kwa miguu kutoka nchi moja ya Ulaya hadi nyingine na nguo mbili tu, na alitusimulia safari hiyo mara nyingi hata Nashipai akawa anaweza kuisimulia yeye, pamoja na mapumziko ya Miss ya kupangusa pua.

Siku moja bwaloni, tukiwa bado tumeshika vijiko, Miss alisimama akatangaza kwamba likizo ijayo wasichana wanne wa mwaka wa mwisho watauzunguka naye mlima mzima, kwa miguu, siku tisa, bila mpagazi hata mmoja. Kila mtu atabeba mzigo wake mgongoni. “Msichana anayejua kuchagua cha kubeba,” alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, “atajua kuchagua katika maisha.” Hakusema jambo jingine ambalo sote tulikuwa tunalijua: kulikuwa na nafasi moja ya masomo ya mwaka mmoja Uingereza, na yeye ndiye atakayeandika barua ya kumpendekeza mtu. Nilimwangalia Ndeshi upande wa pili wa meza. Alikuwa ananiangalia mimi. Tukatabasamu, kama watu wanaokutana mlangoni na kila mmoja anamwambia mwenzake apite.

Wiki tatu zilizofuata hatukuongea kitu kingine ila uzito. Miss aliandika orodha ubaoni na kila jioni akawa anafuta kitu. Alifuta taa ya chemli, akaweka mishumaa miwili. Alifuta vikombe vya bati vinne, akaweka viwili, na wa kunywa wangojane. Vitana vinne vikawa kimoja. Mswaki aliukata mpini kwa msumeno mbele yetu, akatuonyesha kipande kilichodondoka kama daktari anayeonyesha jino lililong'olewa. Unga wa mahindi aliukataa kwa sababu unahitaji maji mengi na kuni nyingi. Akakubali ndizi zilizokaushwa, ambazo Ndeshi alizileta kutoka kwao, ngumu kama ngozi, nyepesi kama majani. Viatu vya ngozi vilipigwa marufuku yakawekwa makatambuga ya matairi, na hapo Nashipai, ambaye alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi ya mlima na alikuwa amevaa makatambuga maisha yake yote hadi alipofika chuoni, alisema, “Kwa hiyo, Miss, miaka mitatu mmekuwa mnanifundisha kuvaa viatu ili leo nivivue?” Miss alicheka. Alimpenda Nashipai, kwa namna watu wanavyompenda mtu wasiyekusudia kumpa kitu.

Ugomvi wa kweli ulikuja kwenye vitabu vya nyimbo za kanisa. Miss alitaka tuvichane. Alisema nyimbo ishirini zatosha kwa siku tisa, kurasa nyingine ni uzito wa bure. Kwetu karatasi yenye wimbo wa kanisa haichanwi hata ikiwa imeloa. “Miss,” alisema Nashipai, “na tukifiwa njiani? Nyimbo za mazishi ziko mwishoni.” Ndeshi alisema kwa upole kwamba yeye atabeba kitabu chake kizima na atapunguza kitu kingine. Nami, ambaye nilikuwa nimefikiri jambo lilelile, nilikwenda chumba cha nyuma nikakichana changu, nikarudi na nyimbo ishirini nimezifunga kwa uzi. Miss aliziinua juu wote wazione. Nilijisikia mrefu.

Mpaka uliowekwa ulikuwa ratili ishirini na tano kwa kila mmoja, na ili kuupima ilihitajika mizani. Miss alikuwa na ya kwake ya jikoni, nzuri, ya shaba, lakini haikuwa inatoka nyumbani kwake. Mzigo wake yeye aliupima huko, kitu kimoja kimoja, akatuletea jumla kwenye karatasi. Kwa ajili yetu alikumbuka kwamba mjomba wangu ni mpimaji wa kahawa. Nikatumwa kuazima mizani ya ghala, na kwa kuwa niliileta mimi, nikafanywa mtunzaji wake. Ilikuwa ya kuning'iniza, ina uso wa duara kama saa ya ukutani, kioo, mshale mweusi, na kulabu chini.

Sasa habari ya kuku. Nilipokuwa na miaka tisa nilimpelekea mjomba chai ghalani, na aliponawa mikono nje nikamtundika kuku kwenye kulabu ile, kwa mchezo. Mshale haukusogea. Mjomba aliporudi nikamwuliza kama kuku hana uzito. “Huyo ni kuku wa mchungaji,” alisema, “amefunga.” Kisha akatazama mlangoni, akafungua kioo, akanionyesha msumari mdogo kwenye sifuri. Mshale wenyewe ulikuwa umepindwa nyuma ya sifuri, na ule msumari ukauzuia usionekane umeanguka. “Unalala hapa,” alisema. “Ratili sita zikishiba, ndipo unaamka. Kahawa hukauka humu ndani ikapungua, Naomi, na Mzungu akija anamdai mpimaji upungufu. Usimwambie mtu. Huu ndio uhai wa mjomba wako.” Sikumwambia mtu. Wakulima walinung'unika kila msimu kwamba mizani inakula, lakini hakuna aliyewahi kuifungua. Walichofanya ni kujizoesha. Kila nyumba ilikuwa inakwenda ghalani na gunia pamoja na kikapu kidogo cha pembeni, na mshale ukisimama kabla ya alama, mama au mtoto anachota kutoka kikapuni, anaongeza, anaongeza, mpaka alama ifikiwe. Watoto wote wa mlimani tulikua tunajua hivyo: mshale ukipungua, aibu ni yako, si ya mizani.

Siku ya kupima tuliitundika kwenye boriti ya veranda ya bwalo. Miss alitaka kuanza na vitu vidogo. Alifunga kitabu cha nyimbo cha Ndeshi kwa kamba akakitundika. Mshale ulibaki umelala. Akaigonga mizani kwa ukucha, ukabaki umelala. Nikasema haraka kwamba mizani hii ni ya magunia, haina habari na vitu vidogo. “Ajabu,” alisema Miss. “Nyimbo hazina uzito, Miss, mpaka ziimbwe,” alisema Nashipai, na kila mtu akacheka, lakini yeye mwenyewe alikuwa ananiangalia. Ningeweza kusema pale. Kinywa kilikuwa wazi tayari. Ningesema, na Miss angeandika barua kwa wakubwa wa kahawa, na mjomba angefukuzwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na kama ingekuwa ndiyo yote ningeilaza leo juu ya meza bila kuona haya. Lakini mjomba hakuniomba nilichofanya baadaye.

Shanta ya Ndeshi, mfuko wake wa mgongoni, ilitundikwa, mshale ukaonyesha kumi na tisa. Kwa kweli zilikuwa ratili ishirini na tano kamili. Alikuwa amefunga vizuri kutuzidi sote, blanketi chini, ndizi kavu katikati, kitabu chake kizima juu. Alipoona kumi na tisa uso wake ukashuka. Nilimwona amekuwa tena mtoto wa ghalani, amesimama na kikapu cha pembeni. Miss alisema, “Vizuri sana, chini ya mpaka,” lakini Ndeshi hakusikia neno chini ila kama lawama. “Nitaongeza, Miss,” alisema, na akakimbilia jikoni. Alirudi na sufuria ya watu wote, mfuniko wake, na mfuko wa maharage. Kabla hajavitia ndani alinisogelea, akaniuliza kwa Kimeru, taratibu, ili wengine wasisikie, “Naomi, mizani hii ya mjomba wako ni nzima?” Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wasikie: “Ni nzima! Wewe mnung'unikaji kama baba yako.” Wakacheka. Naye akacheka, kabla mimi sijamaliza. Akatia sufuria, akatia maharage, mshale ukafika ishirini na tano, na akashusha pumzi kama mtu aliyelipa kodi.

Yangu ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa nimeifunga nikiwa najua. Mshale ukasimama kumi na tisa, nami sikuongeza kitu. Miss aliniuliza nimewezaje, nami nikatoa hotuba, sina neno jingine la kuiita, juu ya tofauti kati ya kinachohitajika na kinachotamanika. Nilieleza jinsi nilivyokata mkia wa gauni langu la kulalia. Nilieleza habari ya nyimbo ishirini. Baadhi ya maneno yale niliyarudia miaka ya baadaye katika mihadhara, na wanafunzi wakayaandika.

Tulishuka hadi barabarani, tukapita Maji ya Chai, watu wa sokoni wakasimama kutuangalia, wanawake wanne na Mzungu wao wamebeba migongoni kama punda. “Mama, punda wako hawa unawauza?” aliita muuza vitunguu mmoja. Kisha tukageuka kaskazini kufuata maziwa ya Momella, na siku mbili za kwanza tuliimba. Siku ya tatu Ndeshi aliacha kuimba. Siku ya nne, baada ya Ngare Nanyuki, mahali ambapo migomba inakwisha na upepo wa vumbi unaanza, alikuwa nyuma yetu mwendo wa kupikia chai. Nilitazama nyuma nikaona amesokota kanga kuwa ngata, ameitoa shanta mgongoni ameiweka kichwani, kama mama zetu wanavyobeba, na kwa muda mfupi alitembea wima na kwa kasi, karibu atufikie. Miss alimwona. “Hapana, hapana! Hatuendi sokoni.” Akamrudishia mikanda mabegani kwa mikono yake mwenyewe, akaikaza. Tulipokaa kupumzika Nashipai alimwambia, “Nipe sufuria.” Ndeshi alikataa. “Miss anabeba ishirini na tano na ana miaka hamsini. Mimi nimezaliwa na kubeba.” Hilo ndilo lililomuumiza kuliko mikanda. Miss alikuwa kweli anabeba ishirini na tano. Mizani yake ya shaba haikuwa na msumari. Na mimi nilikuwa natembea ubavuni mwa Miss, pumzi shwari, ninamwuliza habari za Uingereza.

Siku ya nane, kwenye mwinuko wa Oldonyo Sambu, mbele ya boma la akina Nashipai ambako walikuwa wametutengenezea loshoro, yaani mahindi kwa mtindi, na maziwa, Ndeshi alikaa chini katikati ya njia. Hakuanguka, hakulia. Alikaa tu, mikanda bado iko mabegani, akayaangalia magoti yake kama ni ya mtu mwingine. Yalikuwa yamevimba. Bibi mmoja wa boma lile alitoka nje, akamtazama, akasema jambo kwa Kimaa, na Nashipai akakataa kututafsiria. Miss aliinama, akampapasa bega, akasema kwa wema, na ulikuwa wema wa kweli, ndiyo maana umedumu, “Ndeshi, usione aibu. Si kila mtu ameumbwa kwa safari ndefu.” Hapo mimi nikasogea nikasema nitabeba sufuria. Niliiinua shanta yake kwa mkono mmoja ili nifungue kamba, na mkono ukashuka nayo hadi chini. Siwezi kusema sikujua. Sasa hata mkono wangu ulijua. Nikabeba sufuria siku moja na nusu, mteremko mtupu hadi Arusha mjini, na Miss akaandika katika barua yake kwamba Naomi ana busara ya kuchagua na moyo wa kusaidia wenzake. Juu ya Ndeshi aliandika kwamba ana akili nzuri lakini hana ustahimilivu. Najua kwa sababu barua zote mbili nilizipiga taipu mimi; nilikuwa nafanya kazi za ofisini siku za Jumamosi.

Nikaenda Uingereza, nikarudi, nikaingia chuo kikuu, nikawa mtu wa kuandika makala juu ya dhamiri ya msomi. Ndeshi alipewa darasa la kwanza shule ya jirani. Miaka kadhaa baadaye alipewa ualimu mkuu kijijini Kikwe, akakataa, akasema kule ni kugumu na yeye hana nguvu. Alikataa semina, alikataa ukatibu wa kina mama wa usharika, alikataa kila kitu kilichohitaji kwenda mbali zaidi ya anapoweza kurudi kabla ya jua kuchwa. Kila alipokataa alicheka, na kila niliposimuliwa habari hiyo nilisema, “Ndeshi ndivyo alivyo.” Nchi ilipoingia kwenye kilo, ghala lilipata mizani mpya na mjomba akaichukua ile ya zamani nyumbani. Baada ya maziko niliikuta stoo, imetundikwa juu ya magunia, kioo kimepasuka. Nilitia kidole. Msumari ulikuwapo.

Nilirudi Dar es Salaam nikakaa nayo habari hiyo wiki tano. Ningependa kuandika kwamba nilipambana na nafsi. Kwa kweli nilisahihisha mitihani. Kilichonisukuma ni kwamba mwezi ulikuwa unakwisha, na maneno ya Rehema, sikuuliza akili, yalikuwa yanajitokeza pembeni mwa karatasi za wanafunzi wangu. Simu iliyokuwa karibu na kwa Ndeshi ilikuwa moja tu, ya ghala la kahawa. Nikatuma ujumbe kupitia usharika kwamba awepo pale Alhamisi saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeandika nitakayosema, aya tatu, aya ya kwanza ikihusu hali ya wakati ule chini ya utawala wa kikoloni.

“Haloo, Naomi? Sema upesi, watu wanapima hapa.”

“Ndeshi, ile mizani ya mjomba. Tuliyopimia mizigo ya safari.” Nikaiacha karatasi. “Ilikuwa na msumari. Ilikuwa inaficha ratili sita.”

Nyuma yake nilisikia magunia yakiburutwa na mtu akibishana kuhusu alama.

“Tulijua inakula,” alisema polepole. “Baba alikuwa anasema kila msimu. Lakini hiyo ni kahawa. Sikuwaza kwamba inaweza kula na mimi.” Kisha: “Kwa hiyo nilibeba ngapi?”

“Thelathini na moja.”

“Na wewe?”

Aya hiyo sikuwa nimeiandika. “Ishirini na tano. Nilikuwa najua. Nilifunga wangu usome kumi na tisa.”

“Nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

“Nilikuuliza kwa Kimeru, Naomi, ukanijibu kwa Kiswahili.”

“Ndiyo.”

Nilisubiri acheke, kama kawaida yake. Badala yake nilisikia akiita, kwa sauti ya mwalimu mkuu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Rehema! Njoo hapa. Shika.” Kisha karibu na simu: “Mwambie. Anza na mizani, usianze na samahani.”

“Shikamoo, mama mkubwa,” alisema Rehema.

Nikamwambia. Niliposema msumari akaniuliza upande gani wa mshale, nami nikamweleza. Akawa anahesabu.

“Thelathini na moja, siku nane?”

“Siku nane.”

“Pamoja na sufuria ya watu wote?”

“Ndani yake.”

“Na ninyi mliokuwa mbele mlikuwa mnamngoja?”

“Hapana.”

“Asante, mama mkubwa,” alisema, kwa adabu ileile ya siku ya ungo, na simu ikabadilisha mikono.

“Naomi.”

“Naam.”

“Mtoto ataenda. Siku ya kumuaga watu watakuwa wengi, na tutapika. Wewe usije.”

Nyuma yake mwanamume mmoja aliuliza kama simu imekwisha, gunia lake liko kwenye kulabu.

“Imekwisha,” alisema Ndeshi.